Bi Swichi na Meza Mbili za Taa

Jina la Bi Swichi halikuwa la heshima lilipoanza. Alipewa na wapiga ngoma wa ukumbi, enzi hizo yeye akiwa mfagiaji. Kila mazoezi yalipokwisha watu walitawanyika na kuacha taa zikiwaka ovyo, naye alipita chumba hadi chumba akizizima, ta, ta, ta, huku akinung'unika peke yake kama mtu aliyeibiwa. "Yule mama ana kesi na swichi," wakasema, na jina likaganda. Fundi wa taa wa wakati huo, mzee mfupi aliyevaa miwani mbili kwa mpigo, moja machoni na nyingine juu ya kipaji, alimsikia siku moja akamwita chumbani kwake.

"Kwa kuwa unajua sana kuzima," alimwambia, "kaa hapa nikufundishe kuwasha."

Akakaa. Mzee alistaafu, ufagio ukapata mwenyewe mwingine, na Bi Swichi akatimiza miaka ishirini na mitatu kwenye kiti kile kile.

Chumba cha taa kilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, juu ya viti vya orofani, ukubwa wake kama stoo ya nyumba ya kupanga. Kilikuwa na dirisha la kioo lililotazama jukwaa, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na meza ya taa: bao la chuma lenye vijiti ishirini na vinne vya kusukuma juu na chini. Kila kijiti kilibandikwa plasta yenye mwandiko wake. Buluu kushoto. Buluu kulia. Mbele nyeupe. Ngazi. Kijiti kikipanda, taa yake inang'aa, kikishuka, inafifia. Amri zote za vijiti hivyo zilipita kwenye waya mmoja tu, uliotambaa ukutani, ukakatiza dari, ukashuka nyuma ya jukwaa kwenye makabati ya umeme yaliyozilisha taa.

Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtazamaji aliyejua kama yupo, na kwa mtu wa taa hiyo ni sifa tosha. Halafu ikaja siku ya ngazi.

Ulikuwa mchezo wa kuigiza, na mwigizaji mkuu alitakiwa kushuka ngazi ya mbao yenye vidato kumi na viwili. Akifika chini, giza. Bi Swichi, aliyefuata karatasi za maagizo ya taa, alifunua mbili kwa pamoja badala ya moja, akashusha vijiti vyote mwigizaji akiwa bado kidato cha tatu kutoka juu. Alisikia kishindo kabla hajajua alichofanya. Mguu ulivunjika mara mbili. Alipomtembelea hospitali akiwa na maneno yake ya kuomba radhi ameyapanga vizuri, mgonjwa alimkatiza: "Acha bwana. Hata hivyo nilikuwa nimesahau maneno yanayofuata."

Mguu ule haukurudi jukwaani tena. Ukumbi ulimpa yule mwigizaji dirisha la tiketi, na kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja Bi Swichi alipita mbele yake akasalimiwa kwa bashasha: "Bosi wa mwanga, umeamkaje?" Angeona nafuu kama angetukanwa. Tusi angelijibu, akalia, yakaisha. Ile bashasha hakujua aiweke wapi.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhakikisha mara tatu. Karatasi zake alizifunga kwa kibanio ili zisishikane. Alitembea na tochi mbili, moja mfukoni na moja mkobani, ya pili kwa ajili ya siku ile ya kwanza itakapokataa. Wenzake walimcheka, naye alicheka nao, lakini kila giza lilipoandikwa kwenye mchezo, jasho jembamba lilimtoka hata kama jukwaani hapakuwa na mtu ila kiti.

Basi fikiria alivyokuwa wiki lilipokuja kundi la Unyoya.

Unyoya alikuwa binti ya kaka yake. Kaka alipofariki mtoto alikuwa na miaka tisa, na Bi Swichi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimchukua akamlea. Hesabu zake za shule alizifanyia chini ya meza ya taa, akiuliza mara kwa mara kama saba mara nane ni hamsini na sita au na nne. Alipofika ishirini alijiunga na kundi la wachezaji wanaopanda vitambaa, wale wanaojiviringisha hewani bila kamba wala wavu, akaondoka nalo. Sasa, baada ya miaka minne, kundi lilikuwa limealikwa kwenye ukumbi huu huu. Lilifika Jumatatu. Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri.

Vitambaa vyenyewe vilikuwa viwili, vyekundu, vikining'inia kutoka kwenye bomba la chuma juu ya jukwaa, karibu mita nane. Unyoya alipanda cha kwanza, akajifunga mguu, akainama kichwa chini, akajibembeza, kisha akajifungua na kurukia cha pili. Chini palikuwa na godoro jembamba ambalo Bi Swichi alilibonyeza kwa kidole, akalibonyeza tena.

"Shangazi, hilo godoro ni la kuwatuliza kina shangazi," Unyoya akamwambia. "Mimi sianguki."

Kundi lilikuja na fundi wake wa taa, mwanamume wa makamo, mpole wa sura, aliyebeba kompyuta yake kama daktari anavyobeba mkoba. Wenzake walimwita Programu. Onyesho lote lilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, mabadiliko ya mwanga mia moja na kumi na mbili, na yeye alibonyeza kitufe kimoja tu kutoka badiliko moja hadi jingine. Lakini ngoma za ufunguzi zilipigwa na watu wa ukumbi, taa zake zikiongozwa kwa mikono ya Bi Swichi, na taa za viti vya watazamaji zilikuwa kwenye meza yake. Meza mbili, maana kompyuta nayo ni meza ya taa, na waya wa kwenda kwenye makabati ni ule ule mmoja.

Jumanne Programu alitatua jambo hilo kwa waya wenye vichwa viwili. Kichwa kimoja akakichomeka kwenye kompyuta, kingine kwenye meza ya Bi Swichi, na mkia kwenye waya wa ukumbi. Meza ilipokuwa imezimwa, mambo yalikwenda vizuri. Unyoya akapanda kujaribu. Bi Swichi akawasha meza yake, na hapo hapo taa zikaingiwa na wazimu. Nyekundu ikamezwa na nyeupe, buluu ikapepesa kama jicho lenye mchanga, nusu ya jukwaa ikazimika ikawaka ikazimika. Unyoya, ambaye bahati nzuri alikuwa mita mbili tu kutoka sakafuni, aliteleza mpaka chini akicheka.

Bi Swichi hakucheka. Aling'oa ule waya wa vichwa viwili akauweka mezani mbele ya Programu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Huu usirudi humu."

"Mama, kwingine kote tumeutumia..."

"Kwingine kote ulikuwa na meza moja inayosema na nyingine imenyamaza. Hapa zote zinasema. Mimi nikikusomea barua yangu, na huyu akakusomea yake, sikio lile lile, wakati ule ule, utasikia nini?"

"Kelele," Programu akakubali shingo upande.

"Na mwanangu asipande juu ya kelele."

Kwenye stoo ya ukumbi kulikuwa na kiboksi cha chuma ambacho mzee wa miwani mbili alikinunua na kukitumia mara chache. Kilikuwa na ukubwa wa tofali, kikiwa na matundu mawili ya kuingilia na moja la kutokea. Kazi yake ilikuwa kuzisikiliza meza mbili kwa subira, kulinganisha amri zao taa kwa taa, kisha kutoa orodha moja safi. Bi Swichi alikipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake, akakichomeka, taa yake ndogo ya kijani ikawaka, na yeye akashusha pumzi ambayo ni kama alikuwa ameibana tangu Jumatatu.

Hata hapo hawakuacha kubishana. Kiboksi kilikuwa na njia mbili za kuamua. Ya kwanza ilikuwa mkubwa ashinde: meza moja ikitaka taa iwake kidogo na nyingine iwake sana, inawaka sana. Ya pili, aliyesema mwisho ndiye asikilizwe.

"Tuweke wa mwisho," alisema Programu. "Ndivyo vijana wa siku hizi wanavyofanya."

"Mimi si kijana. Weka mkubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikitaka mwanga niupate pale pale. Sitaki kuomba ruhusa kwa mashine yako."

"Na mimi nikitaka giza?"

"Utalipata, vijiti vyangu vikiwa chini."

"Na vikiwa juu?"

"Basi ujue nina sababu."

Programu akatazama dari, akatabasamu kidogo, akaweka mkubwa. Alhamisi na Ijumaa walifanya mazoezi mwanzo hadi mwisho na kila kitu kilikwenda kama maji. Kila mtu alifurahi. Bi Swichi ndipo alipozidi kuogopa, maana kwa uzoefu wake jambo likinyooka namna hiyo huwa linatafuta pa kupindia.

Jumamosi asubuhi alimkuta Unyoya jikoni, amekalia meza na miguu ikining'inia, anatafuna mkate.

"Umelala?" akamuuliza.

"Kama gogo. Wewe hujalala. Nimesikia mlango wako mara nne."

"Nilikuwa na kiu."

"Mara nne?" Unyoya akaweka mkate chini. "Shangazi, nikuambie kitu usikasirike? Mimi sijawahi kuogopa urefu. Lakini tangu nifike unanitazama kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa, na jana nikiwa juu nikajikuta nahesabu mita. Sijawahi kuhesabu mita."

Bi Swichi akageukia sinki akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Basi sitakutazama," akasema.

"Nitazame. Ila nitazame kama taa, siyo kama maiti."

Aliondoka nyumbani akiwa na sentensi hiyo kifuani. Dirishani pa tiketi mkata tiketi alimwita, "Bosi wa mwanga! Leo viti vyote vimekwisha, hata nguzo nimeiuza," naye akajibu kwa kupunga mkono tu, akapanda ngazi haraka. Alikuwa na jambo lililomjia kwenye ile kiu yake ya mara nne.

Vipi kama waya wa kompyuta ungechomoka? Kiboksi kingekosa kusikia, kingedhani Programu anataka sifuri kila mahali, na taa zote zingezima, Unyoya akiwa kichwa chini. Nyuma ya kiboksi kulikuwa na swichi mbili ndogo mno, za kusukuma kwa ncha ya kalamu. Ya kwanza ndiyo ile ya mkubwa na wa mwisho. Ya pili ilisema kiboksi kifanye nini meza moja ikinyamaza: kiachie, au kishikilie amri ya mwisho iliyosikika. Ilikuwa kwenye kuachia. Alizima kiboksi, akachukua kalamu, akaisukuma kwenye kushikilia, akakiwasha tena. Sasa hata waya ukikatika, mwanga ungebaki ulivyokuwa. Hapakuwa na mlango wa giza kupitia. Hakumwambia Programu, kwa sababu Programu angeuliza kwa nini, na yeye alikuwa amechoka kuulizwa kwa nini anaogopa.

Kwa mara ya kwanza wiki ile alikunywa chai yote.

Saa kumi ukumbi ulikuwa umefurika. Bi Swichi alivaa hedfoni zilizomuunganisha na msimamizi wa jukwaa, mwanamke mtulivu aliyesimama nyuma ya pazia na ambaye sauti yake ilikuwa haipandi hata moto ukiwaka. Programu alikaa kulia kwake, kompyuta mbele yake. Ngoma za ufunguzi zikapita vizuri. Bi Swichi akashusha vijiti vyake vyote mpaka sifuri, akaweka mikono mapajani, akamwachia mwenzake uwanja.

Badiliko la themanini na saba lilikuwa radi. Unyoya alikuwa kwenye kitambaa cha kwanza, juu kabisa, amejining'iniza kwa mguu mmoja, uso kwa watazamaji. Taa zote nyeupe za mbele zilitakiwa kulipuka kwa sekunde moja tu, kisha zishuke ghafla, ibaki buluu tulivu ambayo ndani yake angeona kitambaa cha pili na kukirukia.

Programu akabonyeza. Radi ikapiga. Watazamaji wakashtuka kwa raha.

Na radi ikabaki.

"Mbona haishuki?" Bi Swichi akauliza.

Programu akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama kwamba kitufe kilikuwa na masikio mazito. Kwenye kioo cha kompyuta mshale ulikuwa umesimama katikati, umekufa.

"Imeganda," akasema. "Imeganda, mama. Nikiizima na kuiwasha ni dakika tatu."

Jukwaani Unyoya alikuwa amegeuza uso pembeni. Mwanga wote wa mbele ulimwingia machoni moja kwa moja. Kitambaa cha pili kilikuwa kando yake, hatua moja tu, lakini alikipapasia kwa mkono mmoja akakikosa, kama mtu anayetafuta uzi huku anatazama jua. Wapiga ngoma waliendelea. Watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyo.

"Shusha wewe!" Programu akanong'ona.

Bi Swichi akatazama vijiti vyake. Vyote vilikuwa chini. Hapakuwa na cha kushusha. Mkubwa ashinde, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Angeweza kuongeza mwanga kadiri alivyopenda, lakini kupunguza hata tone hakuweza.

Akashika waya wa kompyuta ulioingia kwenye kiboksi, akaung'oa.

Hakuna kilichobadilika. Mwanga ule ule, mweupe, mkali, palepale.

"Nimeung'oa," akasema kwa sauti isiyo yake. "Nimeung'oa, mbona..." Kisha akakumbuka ncha ya kalamu. Kiboksi kilikuwa kinashikilia amri ya mwisho, kama alivyokiagiza asubuhi, na kingeishikilia mpaka kesho.

"Bi Swichi," msimamizi akasema masikioni mwake, kwa utulivu wake ule ule, ila maneno yakifuatana haraka kidogo. "Mguu wake unatetemeka. Nafanyaje?"

Kuigeuza ile swichi ndogo kulitaka kiboksi kizimwe na kuwashwa upya, nacho kilichukua karibu dakika nzima kuamka. Njia ilikuwa moja. Kiboksi kitolewe kabisa katikati, na waya wa meza yake uingie moja kwa moja kwenye waya wa ukumbi. Lakini kati ya kutoa huku na kuingiza kule, makabati ya umeme yasingesikia amri yoyote, na yalikuwa ya zamani. Yakikosa amri yanazima kila kitu. Sekunde tatu, labda nne. Giza totoro, na Unyoya juu yake. Katika wiki nzima ya kuogopa hakuwahi kufikiria kwamba giza lingekuja kwa mkono wake tena, kwa kukusudia.

Mwili wake ulitaka kukataa. Aliona vidole vyake juu ya meza, vimekaa tu, kama vya mtu mwingine. Alivitazama mpaka vikaanza kwenda.

Kwanza vijiti. Buluu kushoto akaipandisha mpaka saba, buluu kulia saba, taa ya kitambaa cha pili tano. Jukwaani hakukuonekana tofauti yoyote, kwa kuwa ile nyeupe ilifunika kila kitu. Ilikuwa kama kutia chumvi kwenye chakula usichoweza kukionja. Alitegemea kumbukumbu ya mikono.

"Mwambie afunge mguu," akasema kwenye hedfoni. "Afunge mara mbili. Mwambie linakuja giza, halafu buluu. Asiruke mpaka aone buluu."

"Giza?"

"Giza. Ni mimi ninalileta."

Alimsikia msimamizi akivua hedfoni na kuita kwa sauti ya chini, kutoka nyuma ya pazia: "Unyoya! Funga mara mbili. Giza, kisha buluu." Mpiga ngoma kuu, ambaye hakuwa mjinga, akarudia mdundo ule ule bila kusonga mbele. Unyoya akazungusha kitambaa kwenye mguu mara moja. Akazungusha tena. Akajikaza.

Bi Swichi akang'oa waya wa ukumbi kwenye kiboksi.

Ukumbi wote ukamezwa. Mahali fulani mtoto akapiga kelele. Moja, akahesabu. Alichomoa waya wa meza yake kutoka kwenye tundu la kiboksi. Mbili. Akashika kichwa cha waya wa ukumbi mkono wa kushoto na plagi ya meza yake mkono wa kulia, akazisukuma pamoja, zikakataa. Plagi zile zina pini tano na huingia kwa upande mmoja tu. Tatu. Tochi mbili alikuwa nazo na mkono wa kuishika hata moja hakuwa nao. Akazungusha plagi kidogo, akasukuma, ikakataa. Nne. Alikuwa anasikiliza. Mwili wake mzima ulikuwa sikio moja linalosubiri kishindo. Tano. Programu akanyoosha mkono gizani, akakamata waya usiyumbe. Bi Swichi akapapasa kwa kidole gumba mpaka akapata mfereji mdogo uliochongwa kwenye chuma, akaulinganisha, akasukuma.

Klik.

Buluu ikajaa jukwaani, polepole kuliko alivyotarajia, kama maji yanayopanda kwenye beseni. Unyoya alikuwa pale pale alipomwacha, amejikunja, kichwa chini. Akatikisa kichwa mara moja, akafumbua macho, akatafuta. Akakiona kitambaa. Akafungua mguu mzunguko wa kwanza, wa pili, akajibembeza, akaruka.

Akashika.

Watazamaji wakalipuka kwa makofi. Bi Swichi hakuyasikia vizuri, kwa sababu Programu alikuwa amekwisha kumwekea karatasi mbele.

"Tuna ishirini na tano zimebaki," alisema. "Ninazo zote hapa zimeandikwa. Nitakusomea, wewe fanya kwa mikono."

"Soma."

"Sasa kijani kulia, nusu. Sasa toa buluu, taratibu. Taratibu zaidi. Hapo."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mmoja akisoma na mwingine akisukuma vijiti. Mara mbili walikosea, na hakuna aliyejua ila wao.

Pazia lilipofungwa, Bi Swichi alishusha vijiti vyake mpaka sifuri, kimoja kimoja. Akakaa kwenye mto wake mpaka mwongozaji wa kundi alipopanda mbio, macho yakimng'aa.

"Lile giza!" akasema. "Baada ya radi! Watu walishika roho zao mkononi! Kesho turudie vilevile."

"Hapana," alisema Bi Swichi.

"Sekunde tano tu..."

"Baba, nimesema hapana. Kama unalitaka sana, panda wewe juu, nikuzimie."

Mwongozaji akashuka.

Programu alikuwa anakunja nyaya zake kwa uangalifu uliozidi, bila kuinua macho. "Ni mashine yangu," akasema. "Ningekuwa na ya akiba, tusingefika pale. Nitamwambia msichana mwenyewe."

Bi Swichi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua habari za ncha ya kalamu. Alikigeuza kiboksi, akamwonyesha ile swichi ndogo.

"Mashine yako iliganda, hiyo ni mashine. Lakini nilipong'oa waya wako, kiboksi kingekuwa kwenye kuachia, ile nyeupe ingezima papo hapo, nikapandisha buluu yangu, yakaisha. Asubuhi nilikiweka kwenye kushikilia. Peke yangu. Sikukuambia."

Programu alikitazama kiboksi. "Kwa nini?"

"Niliogopa giza."

Hakucheka. Alivuta kiti cha kukunja akaketi, na Bi Swichi akamsimulia habari ya ngazi, kuanzia karatasi mbili zilizoshikana. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajaisimulia nzima nzima kwa mtu yeyote.

Unyoya walimkuta chumba cha kuvalia, kiganja kimefungwa bandeji. Kitambaa kilimchubua alipojikaza gizani. Bi Swichi alisimama mlangoni akiwa na mengi ya kusema, lakini binti alimtangulia.

"Shangazi, ungeweza kuniua."

"Najua."

"Siyo giza. Lile jeupe. Nilikuwa nasema moyoni, yuko juu kule, anasubiri nini? Mbona hazimi?" Machozi yalikuwa yanamshuka, naye aliyafuta kwa bandeji kwa hasira. "Nilipoambiwa giza linakuja nilifurahi. Unajua nilivyofurahi?"

Bi Swichi hakujua. Hilo lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kumpitia kichwani hata kidogo. Akaenda akaketi kwenye benchi kando yake, na wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka msimamizi akaja kufunga mlango.

Jumapili asubuhi, kabla ya onyesho la pili, Bi Swichi na Programu walikaa sakafuni na kile kiboksi kama watu wanaochambua mchele. Walikirudisha kwenye kuachia. Mkubwa ashinde ilibaki, safari hii kwa kukubaliana wote. Programu aliazima kompyuta ya pili, na fundi wa umeme wa ukumbi akawafungia swichi kubwa ya kugeuza: kushoto kiboksi, kulia meza ya Bi Swichi peke yake, bila kung'oa wala kupapasa. Bi Swichi aliijaribu mara ishirini. Programu alihesabu kwa sauti, na alipofika ishirini akamwambia, "Sasa unaichosha."

Kundi lilicheza mara tisa kwa wiki mbili. Kompyuta iliganda mara moja tena, wakati wa ngoma, ikapita kama chafya. Bi Swichi hakupona hofu. Mikono yake ilikuwa baridi kila Unyoya alipopanda, na mlango wake nyumbani uliendelea kulia mara mbili, mara tatu. Ila sasa kila badiliko la themanini na saba lilipofika alisema kwenye hedfoni, "Niko hapa," na msimamizi alipeleka ujumbe kwa kidole gumba, na juu kule Unyoya alicheka kichwa chini.

Onyesho la tisa lilikuwa la mwisho. Asubuhi yake Unyoya alimwomba jambo.

"Hujawahi kuniona," alisema.

"Nakuona kila siku!"

"Unaona taa zangu. Leo kaa chini na watu. Programu anaziweza meza zote mbili, mmefundishana vya kutosha."

Alikataa asubuhi, akakataa mchana, na saa kumi kasorobo akajikuta safu ya sita, kiti cha katikati, mkoba mapajani, hajui mikono aiweke wapi bila vijiti. Kushoto kwake alikaa bwana mmoja mnene aliyekuja na mkewe, mwenye uso wa mtu anayefurahia kila kitu. Taa za viti zikazima. Bi Swichi akageuza shingo kuangalia dirisha la chumba chake. Akaona kivuli cha Programu, akatulia kidogo. Ngoma zikapita. Vitambaa vyekundu vikashushwa. Alijua bila kutazama jukwaa kwamba Unyoya ameanza kupanda, kwa sababu taa ya kitambaa cha kwanza ilikuwa imewaka, ile ya kwenye bomba la tatu, yenye chubuko kwenye pembe, na alikuwa anaitazama hiyo, aone kama inatulia au inapepesa.

Yule bwana akamgusa kiwiko taratibu.

"Samahani, mama," akamnong'oneza. "Mbona unatazama dari? Mchezo uko huku."